Laptop ya steshenari: diski 100%, prosesa 0.78, lawama zote kwa RAM

Kuna dada ana steshenari Mbagala, anapiga fotokopi, anaprinti, anaskani, anajazia watu maombi ya ajira na ya mkopo wa chuo, na kazi yote hiyo anaifanya kwa laptop moja tu tena ya zamani. Core i5-4300U, yaani kizazi cha nne, prosesa ya 2013, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) 4GB, hadidiski ya GB 500 ile ya kuzunguka mara 5400 kwa dakika, na Windows 10 juu yake. Aliinunua used kama wengi wetu. Malalamiko yake yote aliyaweka kwenye neno moja, nzito. Nzito kuwaka, nzito kufungua Word, ukifungua Chrome ndo kabisa, mteja anasimama pale kaunta mpaka anaomba flashi yake anaenda duka la pili.

Ilishapita kwa mafundi. Wa kwanza alisema virusi, akapiga Windows upya, ikatulia siku chache ikarudi kulekule. Wa pili akasema RAM, mashine ya 4GB siku hizi haifanyi kitu, akamtajia bei. Shemeji yake yeye akasema dada uza hiyo tafuta nyingine. Na betri ilishatangazwa imekufa zamani sana, kwa sababu haichaji, ukichomoa waya inazima hapohapo. Hiyo ya betri ikumbukeni, tutairudia.

Sasa hawa wote hawakuwa waongo. RAM 4GB ni ndogo kweli, virusi vilikuwemo kweli. Ila hakuna aliyekaa na mashine ikiwa inasumbua akaangalia ni kitu gani ndani yake kimezidiwa, wakati Windows yenyewe inakuonyesha bure, unabonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka, unaenda kwenye Performance unatazama. Na utazame wakati imekwama, usitazame ikiwa imetulia, ikiwa imetulia kila mashine inaonekana nzima.

Nilichokuta: prosesa iko asilimia 10 mpaka 15, RAM imetumika GB 3.3 kati ya 3.9, diski 100% na haishuki. Watu wengi wakiona diski 100% wanadhani inafanya kazi nyingi, lakini tazama namba za chini yake, ilikuwa inasoma kama MB 1 kwa sekunde, saa nyingine chini ya hapo, na muda wa kujibu umepita milisekunde 2000. Sekunde mbili kusubiri kakitu kamoja. Hiyo si kawaida hata kwa hadidiski ya kuzunguka. Ukipiga hesabu, mizunguko 5400 kwa dakika ni mzunguko mmoja kila milisekunde 11, kwa wastani kichwa kinasubiri nusu ya hapo mpaka sehemu inayotakiwa ipite chini yake, ongeza muda wa mkono wenyewe kusogea, unapata milisekunde 15 hadi 20 hivi kwa kila ombi. Kwa hiyo hadidiski nzima kabisa inaweza kuonyesha 100% huku inasoma kidogo, kama maombi ni madogomadogo na yametawanyika, na Windows ikiwa inawaka maombi yake mengi ni ya hivyo. Foleni ikiwa ndefu unaweza kuona hata mia mbili mia tatu. Elfu mbili ina maana diski inahangaika.

Nikaweka CrystalDiskInfo, kaprogramu kadogo ka bure kanasoma kumbukumbu za afya ambazo diski inajiandikia yenyewe. Ikaja njano, Caution. Mstari wa C5, ule wa sekta (vile vipande vidogovidogo vya diski vya kuhifadhia data) zinazosubiri hukumu, ulikuwa na 48. Hapa angalizo, programu hii kwa kawaida inaandika hizo namba kwa heksa, yaani kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, kwa hiyo 48 ile ni 72, kuna sehemu ya kubadilisha kwenye menyu yake kama hutaki kuumiza kichwa. Sekta 72 ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, na haijaamua bado izizike au la.

Na hapo ndo uzito wenyewe ulipokuwa. Diski ikifika kwenye sekta ya namna hiyo haisemi nimeshindwa ikaendelea, inarudia, na kurudia, na kurudia, na muda wote huo programu iliyoomba imeganda inasubiri, na zilizo nyuma yake kwenye foleni nazo zinasubiri. Hii pia inaeleza kwa nini ile Windows mpya ya fundi wa kwanza ilileta nafuu ya siku chache. Ukiandika upya juu ya sekta mbovu, diski inapata nafasi ya kuihamishia kwenye akiba yake, mambo yanakaa sawa, halafu sehemu nyingine za sahani ileile iliyochoka zinaanza kufa, unarudi ulipokuwa. Fundi akaonekana mjanja, kisha virusi wakalaumiwa kwamba wamerudi.

Virusi nao tuwamalize. Alikuwepo yule wa flashi, yule anayeficha mafaili ya mtu na kumwachia shotikati tupu. Kwenye Task Manager alikuwa anaonekana kama wscript.exe, anawaka na Windows, faili lake la vbs (skripti ya Windows) limejificha ndani ya AppData, folda ambayo kwa kawaida huioni. Anakula asilimia sifuri na kitu ya prosesa, uzito ule si wake hata kidogo, lakini nilimtoa kwa sababu kila flashi ya mteja iliyochomekwa pale ilikuwa inaondoka naye, na hilo kwa biashara ni baya kuliko uzito. Flashi zenyewe zilizofichwa mafaili zinafunguka kwa attrib -h -r -s /s /d kwenye CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ukiwa umeingia kwenye herufi ya hiyo flashi. Nikakuta na antivairasi mbili, moja imeisha muda, nyingine ya fundi wa kwanza, kila faili likifunguliwa zote mbili zinataka kulipitia kwanza, kwenye hadidiski inayokufa hiyo ni kumpandisha mgonjwa ngazi. Nilizitoa zote nikaacha Defender, antivairasi ya Windows yenyewe.

Kitu kingine kidogo. Task Manager ilionyesha mashine haijazimwa siku 19, na dada anaapa anazima kila jioni akifunga duka. Wote wako sawa. Windows 10 ina kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza Shut down inahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kesho inakirudisha, haianzi upya kweli. Inayoanza upya kweli ni Restart. Nikamwambia mara mojamoja arestati, basi, hilo halihitaji maneno mengi.

Sasa RAM, maana ndiyo iliyokuwa inataka kumla hela. GB 3.3 kati ya 3.9 ni kubanwa, na ikibanwa Windows inahamishia vitu kwenye diski, yaani kwenye diski ileile mbovu, kwa hiyo ndiyo, RAM ilikuwa inaongeza maumivu. Lakini angenunua RAM siku ile sekta 72 zingebaki palepale, angekuwa na laptop ya 8GB inayoganda. Ndo maana nasema tazama namba kwanza ndo utoe hela.

Kabla ya kugusa chochote tulikopi vitu. Hapa nasisitiza sana kwa sababu nimeona watu wanaanza na chkdsk /r, hiyo inaisomesha diski nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho kutafuta ubovu, inaweza kuchukua masaa mengi, na diski iliyo kitandani unaweza kuimalizia humohumo. Kukloni nayo, yaani kunakili diski nzima kama ilivyo kwenda nyingine, kwa programu za kawaida ikigonga sekta mbovu ama inakataa ama inaganda. Tulichomeka diski ya nje, tukaanza na vya maana, templeti za barua, fomu, daftari lake la madeni la Excel, halafu vikubwa vya mwisho. Folda ya picha za pasipoti iligoma baadhi, tukaziacha, wateja wale walishachukua picha zao.

Hadidiski ikatoka, ikaingia SSD, diski ya chipu isiyo na kinachozunguka. Aliyonunua ni ya inchi 2.5, ya SATA (waya uleule wa hadidiski), unene milimita 7, GB 256. Mashine ya umri huu usihangaike na NVMe, zile SSD mpya za kasi zaidi, na usidanganyike na zile TB 2 zinazouzwa bei ya GB 128, ni chipu ndogo imefundishwa kusema uongo, ukipata wasiwasi ijaribu na H2testw, programu ya kupima kama ukubwa ni wa kweli, kabla hujaweka kitu cha mtu. SATA inaishia kwenye MB 550 hivi kwa sekunde, ila faida yake kubwa haipo hapo, ipo kwenye vile visomo vidogovidogo, hakuna sahani inayozunguka wala mkono wa kusubiri. Windows niliweka mpya kutoka kwenye flashi, haikuomba namba ya leseni kwa sababu leseni ile ya kidijitali imeshikamana na madabodi, ile bodi kuu ya mashine, ukibadilisha diski yenyewe bado inaitambua mashine ikishapata intaneti.

Ile nawasha tu niingie kwenye menyu ya kubutia flashi, yaani kuiwasha mashine kutoka kwenye flashi, skrini ikatoa maandishi meupe kwenye weusi. Inasema aina ya chaja haijatambulika, mfumo utaenda polepole na betri haitachaji, bonyeza F3 kuendelea.

"Dada, hii huwa inatokea?"

"Hiyo? Kila siku hiyo kaka, nabonyeza F3 inaendelea zake."

Kila siku. Mashine ilikuwa inajieleza kila asubuhi kwa maandishi kwamba itaenda polepole na betri haitachaji, na mafundi wote wamelipita hilo andishi, mmoja akauza Windows, mwingine akataka kuuza RAM, na betri ikaandikiwa cheti cha kifo.

Tukamaliza kuinstoli kwanza. Kuwaka kutoka kubonyeza swichi hadi Word iandikike ilikuwa kama dakika 9, sasa ikawa dakika 1 na sekunde 50. Dada alifurahi, kwa kweli angeweza kuishia hapo na mafundi wengi wangeishia hapo. Lakini dakika karibu mbili kwa SSD ni nyingi mno, na ukifungua PDF ya kuskani yenye kurasa nyingi inashuka kwa kurukaruka, YouTube nayo ikawa hivyohivyo. Turudi Task Manager. Diski sasa asilimia 3. Prosesa 100%, na spidi yake imeandikwa 0.78 GHz.

Namba hii ilikuwepo toka mwanzo, lakini mwanzo ilikuwa haisemi kitu. Prosesa ikiwa haina kazi inajishusha yenyewe mpaka karibu 0.8 ili isile umeme, ni kawaida kabisa, na kwenye diski mbovu prosesa inakuwa haina kazi, inasubiri tu. Ukishaondoa diski mbovu, prosesa inapata kazi, na hapo ndo inatakiwa ipande. Hii ya kwake msingi ni 1.9 na ikisukumwa inafika 2.9. Ikiwa 100% na bado iko 0.78, kuna mtu ameishika shati.

Wanaoweza kuishika ni wachache. Joto, nikaweka HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, ikasema nyuzi 58, wakati prosesa hii inaanza kujizuia ikikaribia 100, kwa hiyo si joto. Mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu kiko 100%, si hapo. Anabaki chaja. Kuna laptop, nyingi tu, chaja yake ina pini nyembamba katikati ya kile kichwa cha duara, na hiyo pini haipitishi umeme wa kuchajia, inapitisha mazungumzo, ndani ya chaja kuna kachipu kanaiambia laptop mimi ni wati 65 au 90. Laptop isiposikia jibu haijui huo umeme unatosha kiasi gani, kwa hiyo inajihami, inakataa kuchaji betri na inaifunga prosesa kwenye spidi ya chini kabisa. Na ukumbuke hapo unaweza kuwa na ubovu sehemu tatu, kwenye chaja, kwenye waya na tundu la chaji upande wa laptop, au kwenye madabodi. Hubahatishi, unaazima chaja ya aina yake unachomeka.

Chaja ya dada, ile orijino iliungua siku umeme umerudi kwa nguvu, akanunua nyingine iliyoandikwa wati 65 na kichwa kinaingia vizuri, akajua yameisha. Tuliazima orijino kwa mtu mwenye laptop kama ile. Maandishi ya F3 hayakutokea. Prosesa ikaruka hadi 2.5 na kitu. Kuwaka ikawa sekunde 35. Na taa ya betri ikawaka, ile betri iliyozikwa ikaanza kuchaji. Nikapiga powercfg /batteryreport, amri ya Windows ya kutoa ripoti ya betri, ilizaliwa na uwezo wa mWh 54,000 sasa inajaa 19,800, kama asilimia 37, ni mzee lakini yuko hai, saa moja hivi inampa, na umeme ukikatika katikati ya fomu ya mtu saa moja inatosha sana.

Najua kuna mtu atasema si ungeweka tu ThrottleStop, programu ya kugusa mipaka ya prosesa, utoe tiki ya BD PROCHOT, ile ishara inayoiamuru prosesa ijishushe, prosesa ingefunguka bila kununua chaja. Ingefunguka. Lakini chaja isiyojulikana uwezo wake, inashinda imechomekwa kutwa kwenye duka lenye makaratasi, mimi siifungulii breki. Na betri ingebaki haichaji vilevile. Kwenye mashine yako ya nyumbani ya majaribio fanya utakavyo.

Tukadhani tumemaliza, kumbe bado. Prosesa ilivyofunguliwa, feni ikaanza kulia kama inataka kupaa, HWiNFO ikapanda nyuzi 96. Zile 58 za mwanzo hazikuwa za afya, mashine ilikuwa baridi kwa sababu ilikuwa haifanyi kazi. Kufungua mfuniko wa chini, feni imevaa blanketi, vumbi la Mbagala limechanganyika na vumbi la karatasi, maana laptop inakaa pembeni ya fotokopi miaka yote, na mapezi ya kutolea joto yamezibwa yote. Tukapuliza, feni ukiwa umeishika kwa kidole isizunguke hovyo ikaharibu beringi zake, ile pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa, iliyokauka, tukaifuta kwa spiriti tukaweka mpya. Ikashuka mpaka 78 ikiwa kazini. Na laptop ikahamishwa upande wa pili wa meza.

Kwa hiyo mwisho wa yote zilikuwa shida tatu zimelaliana, diski imeficha chaja, chaja imeficha joto, na ukitibu ya juu ndo unaiona ya chini yake. Ndo maana ninapotengeneza mashine nzito sipendi kubadili vitu viwili kwa mpigo, nabadili kimoja, natazama tena namba.

RAM aliongeza baadaye hela ilipopatikana, 4GB nyingine kwenye nafasi iliyokuwa wazi, na Chrome yenye tabu nyingi ilipata nafuu ya kuonekana. Ukienda kununua kwa ajili ya kizazi hiki sema DDR3L, ile ya volti 1.35, DDR4 haiingii hata ukilazimisha, na DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 inaingia lakini mashine inaweza kugoma kuwaka. Kwa mpangilio wa matumizi kwa mashine hii ilikuwa SSD, chaja, usafi, ndo RAM. Mashine yako inaweza kuwa na mpangilio tofauti kabisa.

Kuhusu Windows, msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani masasisho ya usalama, uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama, kwa hiyo hii haipati kwa njia rasmi. Mimi ningempa Linux Mint, mfumo wa bure mbadala wa Windows, asubuhi hiyohiyo, ila kadi zake za harusi zote ziko kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, na Microsoft wenyewe walishatangaza Publisher mwisho wake Oktoba 2026, kwa hiyo tumekubaliana templeti zihamishwe polepole, huku masuala ya benki na hela anafanyia kwenye simu.

Ikabaki hadidiski ya zamani. Fundi wa pili alivyosikia imetolewa akaja kuomba ainunue aifanye ya nje. Diski yenye sekta 72 za hivyo haihifadhi kitu cha mtu, hilo moja. La pili, mle ndani kulikuwa na vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, vyeti vya form four vya nusu ya mtaa, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi toka 2022, na hata bila sheria watu walikuja kuprinti hawakuja kugawa vitambulisho vyao. Kufomati haraka hakufuti kitu, mafaili yanarudishika. Dada akamwambia haiuzwi, tukaifungua skrubu, sahani zikatolewa zikakwaruzwa kwa msumari, na zile sumaku mbili za ndani amezibandika ukutani zinamshikia mikasi.